Nyongo Iliyopotea Ukingoni

Nipeni masikio. Mmenipa yote mawili, au moja mmebaki nalo? Haya basi.

Hapo zamani, mwaka ambao mto ulifurika ukachukua mpunga wa kila mtu, palikuwa na kijiji kiitwacho Galamani. Msiniulize ulikuwa mto gani. Waliozaliwa kando ya mto wenye maji mekundu watautambua, na wengine mfikirie mto wowote wenye mamba.

Watu wa Galamani walikuwa wakulima, lakini mto ulipowanyima mpunga, waliuendea mto wenyewe. Waliwinda mamba. Nyama ya mkia waliichemsha. Nyama ya mgongo waliikausha kwa moshi. Mafuta waliwapaka watoto wenye kikohozi. Ngozi waliipeleka kwa wachuuzi wa juu ya mto, wakarudi na mbegu. Mamba hakutupwa kitu, isipokuwa nyongo.

Nyongo ya mamba waliiogopa kuliko meno yake. Walisema meno yatakuua mtoni, mahali ambapo ulijua kuna hatari. Lakini nyongo itakuua nyumbani, umekaa mkekani, unakula chakula ulichopewa na mtu unayempenda. Tone moja ndani ya mchuzi, walisema, na hakuna mganga wa kukurudisha. Kama ni kweli au si kweli, mimi sijui, na wala sina haja ya kuonja. Lakini wao waliamini, na kwa sababu waliamini waliweka sheria. Mamba akiuawa, tumbo lake halipasuliwi mpaka afike mwangalizi wa nyongo. Mwangalizi huitoa mwenyewe. Huiinua juu, watu wote waione. Huichoma mbele yao mpaka iwe majivu, na majivu hupewa mto. Hapo ndipo watu hushusha pumzi na kuwasha moto wa kupikia.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Hagodana, mjane, msusi wa mikeka. Alikuwa na mkono mwepesi wa kisu kuliko mtu yeyote ukingoni. Mamba akishaletwa nchi kavu, ni yeye aliyeitwa kuchuna. Alianzia mgongoni, maana ngozi ya tumbo ndiyo laini na ndiyo wanayoitaka wachuuzi, na hakuitoboa hata mara moja. Na alikuwa na mdogo wake, Jillo. Mama yao alifariki Jillo akiwa bado ananyonya, na Hagodana, msichana ambaye hata matiti hayajamtoka, alimbeba mgongoni, akamtafunia ndizi, akamfundisha kutembea. Jillo alikua akawa mpiga chusa. Watu walisema chusa chake hakirudi bure, na Hagodana aliposikia hivyo alijifanya hajasikia, ila siku hiyo aliimba akiwa anasuka.

Sasa ule mwaka wa mafuriko, njaa haikubisha hodi, iliingia tu. Watu walichimba mizizi ya yungiyungi kwenye madimbwi. Nywele za watoto ziligeuka rangi, zikawa nyepesi, zikang'oka ukizigusa. Wazee waliacha kutoka nje asubuhi. Na mamba, ambao watu waliwategemea, walikuwa wametawanyika na mafuriko, hawaonekani.

Mpaka asubuhi moja Jillo na wenzake walipomkuta mmoja amelala kwenye kisiwa cha mchanga, mrefu kuupita mtumbwi uliomfuata. Jillo alisimama mbele, akasubiri, akasubiri tena, kisha chusa kikaenda kikazama nyuma ya shingo. Mamba akajitupa majini. Boya la mti mwepesi lililofungwa kwenye kamba likakimbia juu ya maji, likaonyesha alikokwenda, nao wakalifuata mpaka yeye akachoka na wao wakawa wamechoka. Walimvuta ukingoni, wakammaliza kwa shoka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka waliokuwa wamelala ndani kwa udhaifu wakatoka wakitambaa.

Hagodana alikuja na kisu chake. Akauliza, "Mzee Abio yuko wapi?"

Mzee Abio ndiye aliyekuwa mwangalizi wa nyongo. Wakamjibu, "Yuko kijiji cha chini. Binti yake amefariki. Wanamzika leo."

Akatumwa mtu kumwita. Mtu akaenda, akarudi peke yake. Alisema, "Mzee anasema amesikia. Anasema akishamsitiri mwanawe atakuja."

Basi wakasubiri. Jua likapanda. Nzi wakaja. Watu walikuwa wamekaa mviringo na vyungu vyao mapajani. Hagodana alimchuna mamba mgongoni na ubavuni, kazi ambayo sheria haikuikataza, lakini macho yake yalikuwa tumboni. Tumbo lilikuwa linavimba. Alijua nyama. Alijua kwamba jua likiinama, joto la yale matumbo litakuwa limeingia kwenye nyama yote, na watakaoila watakufa kwa kuhara kabla ya kufa kwa njaa. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mamba na akaona linavyopumua lenyewe.

Akageuka akawaambia watu, "Jamani, nyama inaharibika. Mnasemaje?"

Hakuna aliyesema pasua. Hakuna aliyesema usipasue. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa kanga. Mzee mmoja akatazama mto. Ndugu zangu, mnajua ule unyamavu wa watu wanaotaka jambo litendeke, ila kwa mkono wa mwingine? Ndio huo.

Hagodana akapasua.

Alipasua taratibu, mkono mmoja ndani hadi kwenye kiwiko, akaipapasa ile nyongo, akaikata bila kuitoboa. Akaiinua juu kama alivyozoea kumwona Mzee Abio akiinua. Ilikuwa ya kijani iliyokolea, imejaa. Watu wote waliiona. Akaifunga ndani ya jani la mgomba, akalifunga jani kwa ukindu, fundo lile wanalofungia wasusi pindo la mkeka, lisilofunguka mpaka likatwe. Akampa Jillo.

"Kaa na hii," alimwambia. "Kaa nayo mpaka Mzee aje. Usiondoke hata mama akifufuka akakuita."

"Nimekusikia, dada," alisema Jillo. Akakaa chini, kifurushi mapajani.

Moto ukawashwa. Hagodana akakatakata nyama, akagawa nyumba kwa nyumba, wenye watoto kwanza. Wanawake wakachukua matumbo wakaenda kuyaosha majini. Miongoni mwao alikuwepo Hadulu, mke wa mtoto wa Mzee Babwoya, msichana aliyeolewa mwaka uleule wa mafuriko, mgeni bado katika kijiji.

Damu ikaenda na maji, na damu ikifika chini inaita. Hagodana alikuwa ameinama, mgongo wake umeelekea mto, aliposikia ukelele. Aligeuka. Aliona maji yamepasuka, aliona kichwa cha mamba wa pili, aliona Hadulu ameanguka kwenye tope na kanga yake imeshikwa. Na kabla Hagodana hajanyoosha mgongo, Jillo alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni, chusa mkononi, anachoma, anapiga kelele, anachoma tena. Mamba akaachia. Aliondoka na kanga. Hadulu alitolewa akiwa anatetemeka, paja limechubuka, lakini mzima. Hagodana alimkumbatia mdogo wake akiwa ameloa vilevile, na moyo wake ulijaa fahari mpaka ukamuuma. Katika fahari ile hakukumbuka kuangalia kifurushi kiko wapi.

Mzee Abio alifika jua likiwa limeinama kabisa. Udongo wa kaburi la mwanawe ulikuwa bado kwenye kucha zake, macho yamevimba. Aliona tumbo limepasuliwa. Aliona vyungu vinachemka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Iko wapi?"

Jillo akasimama akampa kifurushi.

Hagodana alikitazama kile kifurushi kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Jani lilikuwa la mgomba. Lakini halikufungwa kwa ukindu. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wa kamba ya chusa, na fundo lilikuwa fundo la wavuvi.

Akamtazama Jillo. Jillo akatazama miguu yake.

Hagodana alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno: Mzee, kifungue. Basi, maneno mawili tu. Lakini aliona watoto wamesogea karibu na vyungu. Alimwona Hadulu ameketi hai. Alimwona mtoto aliyemtafunia ndizi. Akafunga kinywa.

Na Mzee Abio, ambaye kila mwaka aliitoa kila nyongo mwenyewe akaiinua juu, siku ile hakufungua jani. Alikuwa amechoka kuona vitu vinavyofunikwa na kufunuliwa. Alikitupa kifurushi motoni kama kilivyokuwa, akakiangalia kikiungua mpaka kikawa majivu. Hakuna aliyesema, "Mzee, fungua tuone." Harufu ya mchuzi ilikuwa imewashika pua.

"Imekwisha," alisema Abio. "Kuleni."

Wakala. Ndugu zangu, wakala! Watu waliokuwa hawatazamani kwa miezi walilishana. Mtoto alikula kwa huyu, akahamia kwa yule, akalala kwa wa tatu. Jioni hiyo Galamani ilikuwa nyumba moja yenye vyumba vingi.

Hagodana hakula sana. Alimfuata Jillo mahali walipokuwa wameitandaza ngozi kivulini, wanaipaka chumvi.

"Fundo lile si langu," alimwambia.

"Dada, usiniulize."

"Nikikuuliza?"

"Nitakujibu. Halafu utakuwa unajua."

Hagodana alichukua konzi ya chumvi, akaisugua ngozi kwa nguvu, akaisugua mahali palepale mpaka pakawa peupe. Hakuuliza. Alijiambia kwamba asiyeuliza hana kosa.

Alfajiri Mzee Babwoya alifariki. Alitapika kitu cha kijani, akajikunja, akafa. Mchuzi wake wa mwisho alikuwa amepikiwa na Hadulu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugonjwa wenyewe unaanza. Mzee Babwoya alikuwa mzee, na alikuwa amekaa na njaa muda mrefu, na jioni ile alikula kama kijana. Huenda tumbo lilishindwa tu. Huenda. Lakini watu waliona kijani, na neno moja likapita mlango kwa mlango: nyongo.

Siku hiyohiyo watu walianza kupika milango ikiwa imefungwa. Mama aliyemwona mwanawe na mkono katika chungu cha jirani alimvuta kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Jirani aliona, akaelewa, akaingia ndani. Wajane waliokuwa wakipelekewa chakula hawakupelekewa tena, na waliopelekewa hawakula. Watoto yatima, waliokuwa wa kila mtu, sasa hawakuwa wa mtu. Nyama iliyokaushwa, nyama nzuri, watu waliitupa mtoni huku wana njaa. Wachuuzi walipopita kuulizia ngozi, kila mtu alikataa kuibeba. Nani angekubali mbegu zilizonunuliwa kwa ngozi ya mamba yule? Na baada ya muda mfupi tu, bibi mmoja alikutwa amekufa nyumbani kwake kwa njaa, na pembeni yake bakuli la uji ambalo jirani alimletea na yeye akaogopa kuligusa. Lile bakuli Hagodana aliliona kwa macho yake.

Mkuu wa baraza, Mzee Dhadho, akaita watu wote.

"Sheria tunaijua," alisema. "Nyongo ikila mtu, mmoja huvushwa. Anavushwa ng'ambo, mtumbwi unarudi, na akiita hatumwitikii. Mmoja tu, kwa sababu nyongo ni moja. Akiondoka, inaondoka naye, nasi tutakula pamoja tena. Mzee Abio, uliichoma nyongo?"

Abio akasimama, akaapa kwa kaburi la binti yake ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. "Niliichoma. Nyote mliniona."

"Kama nyongo ilichomwa," alisema Dhadho, "basi sumu ilitoka kwa aliyepika. Nani alimpikia Babwoya?"

Watu wote wakamgeukia Hadulu. Msichana alisimama, hana mzazi pale, hana ndugu. Mume wake, mtoto wa marehemu, alitazama pembeni. Hadulu alisema, "Mimi nilimpikia kama nilivyojipikia mimi. Tulikula chungu kimoja." Hakuna aliyemsikia. Mtu mmoja alikuwa ameshaenda kutafuta kasia.

Hagodana alikaa palepale. Mioyo miwili ilikuwa inapiga ndani ya kifua chake. Mmoja ulisema: nyamaza, atavuka mgeni, mambo yataisha, mdogo wako atabaki. Mwingine haukusema kitu, ulimwonyesha tu uso wa Hadulu. Alimtazama Jillo, akisubiri aseme yeye mwenyewe. Jillo alikuwa ameshika magoti yake, mdomo unafunguka na kufungika. Hagodana alimngojea. Alimngojea mpaka walipomshika Hadulu mkono. Hapo akasimama.

"Fundo halikuwa langu," alisema.

Dhadho akauliza, "Unasema nini?"

"Kifurushi alichokichoma Mzee Abio. Mimi nilifunga kwa ukindu, fundo la mkeka. Kilichochomwa kilifungwa kwa uzi wa chusa. Nilikiona. Nilijua. Nikanyamaza."

Jillo akatoa sauti ambayo Hagodana hakuwa ameisikia tangu mdogo wake alipokuwa mtoto. Kisha akasimama naye, akasema yote. Aliposikia ukelele wa Hadulu, alikiweka kifurushi juu ya kisiki akakimbia. Aliporudi hakikuwepo. Alitafuta majanini, alitafuta topeni. Mwewe walikuwa wanazunguka juu kwa ajili ya mabaki. Huenda ni mwewe. Watu walikuwa wengi ukingoni. Huenda ni mtu. Hakujua. Na hajui mpaka leo. Aliogopa, akakata kipande cha ini la mamba, akakifunga katika jani jingine.

"Nilitaka kukuambia, dada," alisema. "Ulipokuja kwenye ngozi nilitaka uniulize."

"Najua," alisema Hagodana.

Hadulu akaachiwa mkono. Baraza zima likamgeukia Mzee Abio, na Mzee Abio alikuwa amekaa chini ghafla, maana alikuwa ameapa kwa kaburi la mwanawe juu ya kipande cha ini.

Dhadho akasema, "Watatu. Na anavuka mmoja. Kila mtu aseme lake."

Abio akaanza. Alisema, "Mimi nimeangalia nyongo za kijiji hiki maisha yangu yote. Siku moja tu nilichelewa, na siku hiyo nilikuwa namzika mwanangu. Siku moja tu sikufungua, na siku hiyo macho yangu hayakuwa yanaona. Lakini tumbo lisingepasuliwa, nisingepewa kifurushi. Kifurushi kisingekuwa cha uongo, nisingechoma uongo. Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliyakuta makosa yameshafanyika."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Wa mwisho ndiye mlango, Mzee! Wewe ndiye uliyewekwa ili makosa yetu yasipite!"



Jillo akasema, "Niliwekwa kulinda nyongo. Niliiacha. Lakini nigeukieni mniambie: ningekaa? Ningekaa na jani mapajani, nikimwangalia Hadulu akichukuliwa, ili nyongo iwe salama? Kwa kukimbia sina kosa, na nikivushwa kwa kukimbia mtanionea. Kwa kudanganya ninalo. Lakini ningesema kwamba nyongo imepotea, mngeimwaga nyama yote siku ileile, na watoto wenu wangelala bila kula. Niliwaona walivyokuwa wanavitazama vyungu."

Yule mtu wa nyuma akasema tena, "Na Babwoya je? Na bibi wa bakuli?"

Jillo akainamisha kichwa.

Hagodana akasema, "Mimi niliivunja sheria kwanza, na ningeivunja tena. Mkono wangu ndio uliowalisha, na watoto waliokula wako hai, nawaona wamekaa pale. Niliwauliza ninyi nyote, mnasemaje? Mkanyamaza. Kwa hilo la kupasua, kama nina kosa, tunalo wote. Lakini sikuja hapa kujitetea kwa kupasua. Kosa langu ni lile fundo. Abio hakujua. Jillo aliogopa. Mimi nilijua na sikuogopa, nilimpenda tu. Maneno mawili yangefungua kifurushi kile. Na leo nimemtoa ndugu yangu mbele yenu baada ya kumficha, sasa hata huo upendo sijui ulikuwa wa nini."

Hadulu, ambaye hakuna aliyemwomba kusema, akasema. Alisema, "Nyongo ilipotea kwa sababu mimi niko hai. Nivusheni mimi."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Dhadho. "Wewe umeshahukumiwa mara moja bila kosa. Haturudii."

Abio akainuka taratibu. "Basi nivushwe mimi. Mimi ni mzee, na aliyekuwa akinipikia amekwisha kwenda."

"Hapana, mimi," alisema Jillo. "Ng'ambo nitaweza kuishi."

"Mimi ndiye mkubwa wake," alisema Hagodana. "Nani kati yenu atamvusha mtoto amwache mama?"

Dhadho akapiga fimbo chini. Alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Sikilizeni ninyi watatu. Hatutafuti wa kujitolea. Angekuwa wa kujitolea tungemtia mtumbwini huyu msichana. Akivuka asiyestahili, watu hawa wataondoka hapa, watafunga milango, na kila mmoja atasema moyoni: mwenye nyongo bado tuko naye. Watoto hawa watakufa mlangoni pa majirani wenye chakula. Lazima avuke yule ambaye, akishavuka, kila mtu atajua ndani ya nafsi yake kwamba ndiye. Semeni, watu wa Galamani. Semeni jina."

Na watu wa Galamani, waliokuwa wamenyamaza mbele ya tumbo la mamba, wakanyamaza tena.

Mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa majini. Jillo alikuwa upande huu, Abio upande ule, na Hagodana katikati yao, mkono wake umeshika mkono wa mdogo wake, na mdogo wake hakuuondoa. Nyuma yao kila nyumba ilikuwa na chungu, na kila chungu kilikuwa kimefunikwa.

Wengine husema alivuka aliyepasua. Wengine husema alivuka aliyeacha kulinda. Wengine husema alivuka aliyechoma bila kufungua. Mimi walionihadithia waliishia hapo mtumbwini, na sitawaongezea la uongo. Wewe unayetingisha kichwa huko nyuma, nimekuona. Usiniambie wote watatu, maana anavuka mmoja, na usiniambie hakuna hata mmoja, maana bibi yule wa bakuli amekufa.

Hagodana, Jillo, Abio. Je, nani alistahili kuvushwa, ili wewe jioni hii uketi ule chakula cha jirani yako bila kukichungulia kwanza?